Mgongo wa Kongo-Nile: Mvua ya Nyungwe inaenda wapi, na Kigoma iko upande gani?

Swali: Mimi ni dereva wa lori, mwenyeji wa Kasulu. Nilipeleka mzigo Rusizi kule Rwanda, nikapita katikati ya msitu wa Nyungwe. Barabarani kuna kibao kinachoonyesha upande huu maji ni ya Kongo, upande ule ni ya Nile. Utingo wangu akaniambia ukimwaga chupa ya maji pale, nusu inafika Misri na nusu inafika Atlantiki, kama mvua inavyogawanyika juu ya paa. Ni kweli? Mbona Ziwa Kivu liko pale chini tu na halimwagi Nile? Chanzo cha Nile chenyewe kiko Rwanda au Burundi, maana kila mmoja anadai chake? Na huo mgongo unafika kwetu Kigoma?

Jibu: Ndugu yangu, kibao hakidanganyi. Utingo naye amesema kweli kiasi: maji ya ile chupa yangeanza safari mbili tofauti kabisa. Kama yangefika, hilo ni jambo jingine na nitalieleza mbele. Kuhusu Kasulu nikujibu mapema usisome kwa wasiwasi: mvua ya kwenu ni ya Kongo. Ya wenzenu wa Ngara ni ya Nile.

Tuanze pale ulipopita. Ukitoka Huye unapita Nyamagabe, unafika kwenye mashamba ya chai ya Kitabi, halafu msitu unakumeza. Ukitokea upande wa pili unakutana na chai tena, ya Gisakura, na baada ya hapo Ziwa Kivu linaanza kuonekana kati ya vilima. Mgongo, yaani safu ya milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nile, uko katikati ya chai hizo mbili, mahali ambapo barabara imepanda hadi karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari na ukungu unakaa hata saa sita mchana.

Kijito cha upande wa Kitabi kinautafuta mto Rukarara. Rukarara inaingia Mwogo, Mwogo inakutana na Mbirurume, na hapo ndipo unapozaliwa Nyabarongo. Nyabarongo una tabia ya ajabu: unaondoka kuelekea kaskazini kana kwamba unakwenda kwenye volkano za Virunga, kisha unakata kona kali, unarudi kusini-mashariki, unapita chini ya Kigali, unapokea Akanyaru na kuwa Akagera. Pale Rusumo, ambako bila shaka umepanga foleni mpakani mara nyingi, Akagera inapokea Ruvubu kutoka Burundi muda mfupi kabla ya maporomoko. Kutoka hapo inapanda kaskazini ikiwa mpaka wa Rwanda na Tanzania, inageuka mashariki, na kuingia Ziwa Victoria upande wa Uganda, kaskazini kidogo ya mpaka wetu. Yanayobaki unayajua: Jinja, Ziwa Kyoga, Ziwa Albert, Juba, Khartoum, Kairo.

Kijito cha upande wa Gisakura hakina habari na Kairo. Kinaingia Ziwa Kivu, au kama kiko kusini zaidi kinaingia moja kwa moja mto Rusizi. Rusizi unatoka Kivu na kuporomoka hadi Ziwa Tanganyika. Tanganyika nayo ina tundu moja tu la kutokea, mto Lukuga pale Kalemie ng'ambo ya Kigoma, unaokwenda kuungana na Lualaba. Lualaba ndio Kongo wenyewe ukiwa bado mchanga, na mwisho wake ni Atlantiki.

Mfano wa paa naukubali nusu tu. Paa la kawaida lina pande mbili zinazolingana, ila hili ni kama la fundi aliyeishiwa mabati upande mmoja. Magharibi ni kufupi na kumeporomoka: kutoka mgongoni hadi ufuoni mwa Kivu unashuka kama mita 1,000 ndani ya kilomita chache, na vijito vyake ni vifupi na vya kasi. Mashariki ardhi inashuka polepole, kilima baada ya kilima, na maji yanazunguka mamia ya kilomita kabla ya kufika kwenye mabwawa na vinamasi vya Bugesera. Ukishika hilo la pande kutolingana, mengi yaliyobaki utayaelewa bila shida.

Sasa Kivu. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, maana Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, wakati bonde la Nyabarongo chini ya Kigali liko takriban mita 1,350, na Ziwa Victoria lenyewe ni mita 1,134. Yaani Kivu liko juu kuliko maji ya Nile yanayopita Kigali, tena limelizidi Victoria kwa zaidi ya mita 300. Kwa hesabu ya urefu tu, maji ya Kivu yangekuwa na kila sababu ya kumwagikia Nile. Lakini maji hayapimi urefu wa mahali yanapokwenda. Yanatafuta mlango ulio chini kuliko yote mahali yalipo. Mashariki ya Kivu mlango umezibwa na mgongo huu, na mlango wa chini kabisa uko kusini, pale kati ya Bukavu na mji wa Rusizi, ambapo mto Rusizi unatoka. Kutoka hapo hadi Tanganyika, iliyo mita 773 tu, maji yanaanguka karibu mita 700. Ndiyo maana kuna mitambo ya umeme kwenye mto huo, wa kwanza tangu 1958.

Na zamani Kivu lilikuwa la Nile. Kabla ya volkano za Virunga kuziba njia, maji ya bonde hilo yalitoka kuelekea kaskazini, hadi Ziwa Edward, kisha Semliki, kisha Albert. Volkano zilipojenga ukuta wao wa lava kuvuka bonde zima, maji yalikosa pa kutokea, yakajaa, yakapanda, hadi yakapata upenyo kusini. Wataalamu wengi huweka tukio hilo karibu miaka elfu kumi iliyopita, na kwa jiolojia hiyo ni jana asubuhi. Mpaka wa mabeseni mawili makubwa kuliko yote Afrika, yaani maeneo yanayokusanya maji ya mto mmoja, ulihama, na ziwa zima likabadilisha bahari.

Mgongo wenyewe umetokana na nini? Unatokana na Bonde la Ufa, tawi lake la magharibi. Ardhi ilipovutwa na kupasuka, sakafu ya ufa ilididimia na kingo zake zikainuka. Mgongo wa Kongo-Nile ni ukingo wa mashariki wa ufa huo. Mawe yake ni ya kale mno, kwarzi na shisti na granaiti zenye umri unaokaribia au kuzidi miaka bilioni moja, lakini kuinuka kwake ni kwa juzijuzi. Ndiyo sababu upande unaotazama ufa umekatika kama umekatwa na panga, na upande wa pili umelala.

Kuinuka huko kulivuruga mito. Hapo awali mito mingi ya eneo hili ilitiririka kutoka mashariki kwenda magharibi. Ukingo ulipopanda, mito ikakosa nguvu ya kuukata na ikaanza kurudi nyuma. Katonga na Kafu za Uganda, na Akagera yetu, ni mito iliyogeuzwa namna hiyo. Maji yaliyorudishwa yalikusanyika kwenye bonde la kina kifupi katikati ya nyanda, na bonde hilo tunaliita Ziwa Victoria. Wavuvi wa Mwanza na Bukoba wana deni na mgongo huu hata kama hawajawahi kuuona.

Hapa niondoe dhana moja ninayokutana nayo kila mara, hata kwa walimu wa jiografia: kwamba mstari wa kugawa maji lazima upite kwenye vilele virefu kuliko vyote. Haupiti huko. Chukua mlima Muhabura, mita 4,127, kwenye mpaka wa Rwanda na Uganda. Mvua inayoshuka kusini mwake inakwenda kwenye maziwa ya Burera na Ruhondo, kisha Mukungwa, kisha Nyabarongo: Nile. Inayoshuka kaskazini, upande wa Kisoro, inakwenda Ziwa Mutanda, mto Rutshuru, Ziwa Edward: Nile vilevile. Mlima mzima ni wa Nile pande zote, na mstari wa Kongo-Nile haujaugusa. Sabyinyo ni hivyohivyo. Mstari wenyewe unaikata safu ya Virunga upande wa magharibi zaidi, na ukisafiri kwa gari kutoka Goma kwenda Rutshuru unauvuka juu ya uwanja wa lava nyeusi ambapo huoni hata kijito kimoja, kwa sababu lava changa inanyonya mvua kama haijawahi kunywa. Maji yanapita chini kwa chini na kutokeza mbali. Mahali kama hapo, kumwonyesha mtu kwa kidole "huku Kongo, huku Nile" ni kazi bure.

Turudi kusini, maana sehemu ninayoipenda kuliko zote iko Burundi, na wasafiri wengi huiruka. Msitu wa Nyungwe ukivuka mpaka unabadilika jina tu, unaitwa Kibira, na mgongo unaendelea kuelekea kusini. Warundi wana majina ya ngazi zake zote. Imbo ni tambarare ya joto kando ya Rusizi na Tanganyika, ambako Bujumbura imekaa. Mumirwa ni ule ukuta wa milima iliyosimama inayopanda kutoka Imbo. Mugamba ni mgongoni penyewe, kwenye baridi, chai na malisho. Ukivuka Mugamba unashukia Kirimiro, vilima vya katikati ya nchi, na hapo tayari uko Nile. Mlima Heha, mkubwa kuliko yote Burundi, uko kwenye mgongo huu, si mbali na Bujumbura, na una mita zipatazo 2,680.

Kama unataka kuuona mgongo kwa macho na si kwa kibao, panda barabara ya Bujumbura hadi Bugarama. Unaondoka mjini ukitokwa jasho, na unafika juu ukitafuta sweta, kwenye gulio la kabichi, karoti na viazi ambavyo havioti kule chini. Njiani utawaona vijana wa baiskeli wameshika nyuma ya malori, wakivutwa kupanda mlima bila kupiga pedali hata mara moja. Wakifika juu wanapakia mikungu ya ndizi au magunia ya mkaa, wanageuza, na kushuka kwa kasi ambayo mimi nisingeithubutu. Wewe dereva unaijua hatari yake kuliko mimi. Lakini sioni mwalimu anayeweza kueleza mteremko wa Mumirwa vizuri kuliko vijana hao.

Angalizo moja dogo: usichanganye Bugarama hiyo na Bugarama ya Rwanda. Ile ya Burundi iko juu kabisa mgongoni. Ya Rwanda iko chini kabisa, katika wilaya ya Rusizi, ni bonde la joto la kulima mpunga na ni miongoni mwa sehemu za chini kuliko zote nchini humo. Nimewahi kuona ramani zilizochorwa na watu wa heshima zikiwa zimezibadilisha.

Chanzo cha Nile sasa. Rwanda na Burundi wote wana hoja, na ugomvi unaisha ukiuliza kila mmoja anadai nini hasa. Rukarara iliyoko Nyungwe ilitajwa kuwa chanzo na daktari Mjerumani Richard Kandt mwaka 1898, yuleyule aliyekuja kuianzisha Kigali mwaka 1907. Mwaka 2006 wasafiri watatu, Mwingereza mmoja na raia wawili wa New Zealand, waliupanda mto wote kutoka baharini na kuishia katika msitu huohuo, wakatangaza kwamba hapo ndipo mbali zaidi. Burundi nayo ina chemchemi ya Kasumo, Rutovu, mkoani Bururi kwa mikoa ya zamani, iliyotambuliwa na Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, mwaka 1937. Juu yake kuna piramidi ndogo ya mawe, salamu kwa wale wa Misri. Maji ya Kasumo yanakwenda Ruvyironza, Ruvubu, na kukutana na wenzao wa Nyungwe pale Rusumo.

Kasumo ndiyo chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote. Nyungwe inadai kuwa mbali kuliko zote ukifuata mkondo wa maji. Haya ni madai mawili tofauti na yanaweza kuwa kweli yote kwa pamoja. Kwa maoni yangu, ukinilazimisha, chanzo cha Nile ni mgongo wote: mito haianzi kwenye tundu moja lenye kibao, inaanza kwenye maelfu ya hektari za udongo wa msitu unaodondosha maji taratibu. Lakini watalii hawalipii jibu hilo, wanalipia piramidi.

Na hapo karibu na Rutovu ndipo habari ya kwenu inapoanza. Kusini-mashariki mwa Burundi unaanzia Malagarasi. Kwa kuangalia ramani haraka ungesema huu mto nao utakwenda kuungana na Ruvubu. Haufanyi hivyo. Unakuwa mpaka wa Burundi na Tanzania, unaingia mkoani Kigoma, unazunguka kupitia vinamasi vikubwa pamoja na Moyowosi, kisha unageuka magharibi, unapita Uvinza na kuingia Tanganyika. Kwa hiyo Kasulu, Kibondo, Kakonko, Uvinza, wote ni maji ya Tanganyika, ndiyo kusema maji ya Kongo.

Malagarasi una siri nyingine. Ni mzee kuliko Ziwa Tanganyika. Kabla ufa haujafunguka, mto huu ulikuwa ukitiririka hadi kwenye mito ya Kongo bila ziwa katikati. Ufa ulipopasuka, mto ulikatwa vipande viwili na ziwa likakaa pale palipokatwa. Ushahidi wake unaogelea: ndani ya Malagarasi kuna aina za samaki ambao ndugu zao wako Kongo, lakini ziwani kwenyewe hawapatikani. Samaki hao hawakuvuka ziwa. Walikuwepo kabla yake.

Kwa hiyo mgongo unafika Kigoma? Mstari wa kugawa maji unafika mipakani mwenu, lakini mgongo kama mlima unaishia Burundi. Ukiingia Tanzania unashuka na kulala hadi huwezi kuuona. Wewe mwenyewe umeuvuka mara nyingi: ukitoka Kakonko kwenda Nyakanazi na kuelekea Rusumo, kuna mahali ambapo maji ya mtaro wa kulia na wa kushoto yanaachana kabisa, huku maji ya Moyowosi na Tanganyika, huku ya Ruvubu na Akagera. Hakuna kibao, hakuna ukungu, hakuna gia ya kupandia mlima. Kuna miombo tu na vumbi.

Kutoka hapo mstari unaelekea mashariki juu ya nyanda za Unyamwezi, na huko unakuwa mchezo wa mita chache. Kusini ni Igombe, unaokwenda Malagarasi. Kaskazini ni mito inayokwenda Victoria. Maeneo ya kati ya Kahama, Nzega na Shinyanga anajitokeza mtu wa tatu: Manonga na Wembere, zinazokwenda Ziwa Kitangiri na Ziwa Eyasi na kukaukia hukohuko bila kuiona bahari yoyote. Nile, Kongo na beseni lisilo na mlango zinakutana kwenye ardhi ambayo mgeni angeapa ni tambarare. Na binadamu ameshauruka mstari huo: maji ya Ziwa Victoria yanasukumwa kwa bomba hadi Kahama na Shinyanga, na siku hizi hadi Nzega, Igunga na Tabora. Mtu wa Tabora anayefungua bomba anachota maji ya Nile, na akishamwaga yaliyobaki uani yanakuwa ya Kongo. Kwa pampu tu, hakuhitajika volkano.

Upande wa kaskazini nitapita haraka. Baada ya Virunga mstari unahamia ukingo wa magharibi wa ufa, juu ya milima inayotazama Ziwa Edward na baadaye Ziwa Albert, kisha unakwenda kaskazini-magharibi kwenye nyanda. Huko wakoloni waliutumia kama kalamu: kwa mkataba wa 12 Mei 1894 kati ya Uingereza na mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mstari wa kugawa maji ya Kongo na Nile uliwekwa kuwa mpaka, na ndio leo mpaka wa Kongo na Sudan Kusini. Waliusaini Brussels, bila mmoja wao kuwa ameutembea mstari huo wote.

Sasa nirudi kwenye ile chupa. Nusu ya mashariki ikifika Victoria inakutana na ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,000, kina kifupi, na jua la ikweta. Maji mengi yanayoingia Victoria hayatoki kwenye mito, yanatoka moja kwa moja mbinguni kwa mvua, na mengi yanayotoka hayapiti Jinja, yanarudi hewani kama mvuke. Tone lako likiponea hapo, litaingia vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, ambako takriban nusu ya maji ya Nile Nyeupe hupotea. Tone likiiona Khartoum, lina bahati. Na huko litakuta Nile ya Buluu kutoka Ethiopia, ambayo kwa mwaka ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri.

Nusu ya magharibi ina hali ngumu zaidi. Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470 na urefu wa kilomita zipatazo 670, na maji yakiingia humo hayana haraka ya kutoka. Sehemu kubwa kabisa huondoka kwa mvuke. Lukuga hubeba kiasi kidogo, na kuna nyakati haubebi chochote. Mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron alipoufikia mwaka 1874 alisema huu ndio mlango wa ziwa. Stanley alipofika miaka miwili baadaye alikuta matope na majani yameziba na maji yamesimama. Haikupita miaka mingi ziwa likapanda, likakisukuma kizuizi, na mto ukafunguka tena. Wote wawili walisema kweli, walifika tu siku tofauti. Watu wa Kigoma, na wa Gatumba kule Burundi, ambao miaka ya karibuni wameona ziwa likipanda na kuingia majumbani, hawahitaji maelezo marefu juu ya ziwa lenye mlango mwembamba.

Kwa hiyo mwambie utingo: maji yanagawanyika pale, ni kweli, na njia za kwenda bahari mbili ziko wazi. Lakini mengi ya yale ya kwenye chupa yangeishia kuwa mawingu juu ya Victoria na Tanganyika, na pengine yangenyesha tena Kasulu.

Jambo la mwisho ni la kazi yako. Upande wa magharibi wa mgongo, kwa sababu ya ule mteremko niliousema, ndio unaoua watu mvua zikizidi. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023 mvua kubwa ilishusha milima na kufurisha mto Sebeya katika wilaya za Rubavu, Rutsiro, Karongi na jirani zake, na zaidi ya watu 130 walipoteza maisha Rwanda. Msitu wa Gishwati, ambao ungekuwa umeshika sehemu ya udongo huo, uliwahi kuwa na hekta karibu 28,000 miaka ya 1970, ukakatwa kwa ajili ya ng'ombe, mashamba na makazi hadi zikabaki kama 600 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sasa unapandwa upya na umefanywa hifadhi ya taifa pamoja na Mukura. Bujumbura nako, vijito vinavyoshuka Mumirwa vilileta mafuriko usiku wa Februari 2014 yaliyoua makumi ya watu.

Ukipewa mzigo wa Rusizi, Karongi au Bujumbura kati ya Machi na Mei, uliza hali ya barabara kabla hujaanza kupanda. Usilale na gari chini ya kingo zilizochimbwa, hasa ukiona udongo umepasuka juu yake au miti imeinama. Ukiona kijito cha upande wa magharibi kimebadilika rangi ghafla na kuwa kahawia nzito huku hapo ulipo hainyeshi, ondoka bondeni. Vijito hivyo ni vifupi, na kinachotokea juu kinakufikia ndani ya muda mfupi sana.